Homa Baada ya Kidonge cha Kwanza: Somo Kuhusu Mcharuko wa Kinga Inayorejea



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo katika vibaraza vyetu husemwa kwa sauti ya chini. Mtu amepimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI, akapewa dawa na kuanza kuzimeza kwa moyo mmoja. Wiki mbili au tatu baadaye, wakati ndugu zake wanatazamia kumwona akinawiri, yeye analala na homa. Tezi za shingo zimevimba, na kikohozi kilichokuwa kimetulia kimerudi. Jirani anatikisa kichwa na kusema, "Kabla ya hizo dawa alikuwa anatembea mwenyewe." Mgonjwa anayasikia maneno hayo akiwa kitandani. Usiku ule kopo la dawa linasukumwa uvunguni, na kesho yake halitolewi.

Uamuzi huo wa usiku mmoja umewagharimu watu maisha, na chanzo chake ni kutojua. Homa ile ina jina, ina sababu na ina tiba. Mara nyingi ni alama kwamba dawa zimeanza kazi yake. Lakini pia inaweza kuwa dalili ya hatari isiyosubiri asubuhi. Basi mwisho wa somo hili tunatumaini kila msomaji ataweza kueleza mambo matatu: kwa nini mtu anaweza kuugua baada ya kuanza dawa, nani yumo katika hatari kubwa zaidi, na afanye nini siku hali hiyo inapomfika yeye au mtu wa nyumbani kwake.

Tulikotoka

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka ishirini wananchi wengi hawakuwa na dawa ya kuvizuia virusi, na kazi ya familia ilikuwa kuuguza na kuzika. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo katika vituo vya umma, kupitia kliniki za tiba na matunzo tunazozifahamu kwa jina la CTC. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga yake ishuke hadi kiwango fulani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Ulionyesha pia kwamba wengi mno wa wanaotumia dawa wamefanikiwa kuvifubaza virusi mwilini mwao.

Mafanikio hayo ni makubwa. Hata hivyo bado wapo wanaofika kliniki wakiwa wamechelewa, mwili umekwisha kudhoofika. Hao ndio somo hili linawahusu zaidi.

Walinzi wa ghala

Ndani ya damu zipo chembe za kinga ziitwazo CD4. Kazi yake ni kutambua vijidudu vya maradhi na kuziamsha chembe nyingine ziingie vitani. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. VVU huzishambulia chembe hizi na kuzipunguza mwaka hadi mwaka. Zikishuka chini ya 200, wataalamu husema ugonjwa umefikia hatua ya juu, na hapo magonjwa nyemelezi hupata njia.

Sisi wa Mtwara tunayajua maghala ya korosho, basi tutumie mfano huo. Ghala lina walinzi, lakini walinzi wamepungua, na waliobaki wamelemewa na usingizi. Wezi wanaingia usiku na kukaa humo kimya, wakichukua gunia baada ya gunia. Anayepita nje hasikii kitu, na kwa kuwa hakuna kelele, hudhani ghala li salama. Siku moja wanaletwa walinzi wapya wenye nguvu. Wanawasha taa, wanawakuta wezi ndani, na mapigano yanaanza. Mlango unavunjika, magunia yanachanika, korosho zinamwagika, na mtaa mzima unaamka kwa kishindo. Mpita njia atasema kwamba walinzi hawa ndio walioleta fujo. Ukweli ni kwamba wezi walikuwamo tangu zamani. Kilichobadilika ni kuwapo kwa wa kupambana nao.

Ndivyo mwili ulivyo. Kinga iliyodhoofika haina nguvu ya kuleta homa, kuvimbisha tezi wala kutoa usaha, maana dalili hizo nyingi ni kazi ya kinga yenyewe inapopigana. Mtu aweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu mwilini bila dalili kubwa kwa sababu tu hana jeshi la kuvikabili. Dawa zinapovizuia virusi kuzaliana, wingi wa virusi hushuka upesi ndani ya wiki chache, nazo chembe za CD4 huanza kupanda. Kinga inarudi, inavikuta vijidudu au mabaki yake, na inacharuka. Joto linapanda, tezi zinavimba, mapafu au utando wa ubongo unawaka. Hali hii ndiyo tunayoiita hapa mcharuko wa kinga inayorejea. Kwenye kadi na vitabu vya kliniki wataalamu huiandika kwa herufi nne, IRIS.

Mwaka 1992 madaktari wa Perth, Australia, waliandika habari za wagonjwa walioanza dawa ya zidovudini, kisha wakapata homa na uvimbe wa tezi. Walipochunguza walikuta vijidudu vya jamii ya kifua kikuu, na wakatambua kwamba ni kinga iliyokuwa imerejea ndiyo iliyoviibua. Kwa hiyo jambo hili si geni wala si la Waafrika peke yao. Limeonekana kila mahali dawa hizi zilikofika.

Sura mbili za mcharuko

Sura ya kwanza ni kufichuka kwa ugonjwa uliokuwa umejificha. Mgonjwa alipimwa, hakuonekana na kifua kikuu, akaanza dawa za kufubaza virusi. Wiki chache baadaye kikohozi, jasho la usiku na homa vinatokea kwa kasi, na kipimo cha makohozi kinaonyesha vijidudu. Dawa hazikumpa kifua kikuu, zimekiondolea maficho.

Sura ya pili ni kuzidi upya kwa ugonjwa unaotibiwa. Mgonjwa anatumia dawa za kifua kikuu na amepata nafuu. Anaanza dawa za kufubaza virusi, kisha tezi zinavimba upya na homa inarudi, ingawa vijidudu vinakufa kama inavyotakiwa. Hapa kinga inapambana hata na mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa.

Kifua kikuu ndicho kinachoongoza kwa kuleta mcharuko katika nchi kama yetu, lakini hakiko peke yake. Wapo fangasi waitwao kriptokoka, ambao hushambulia utando wa ubongo na uti wa mgongo na kuleta maumivu makali ya kichwa. Ipo saratani ya Kaposi, yenye madoa ya zambarau au meusi kwenye ngozi na mdomoni, ambayo yaweza kupanuka ghafla. Upo mkanda wa jeshi. Yapo maambukizi ya jicho yanayoweza kuondoa uoni. Virusi vya homa ya ini aina ya B navyo vyaweza kuchachamaa na kuleta macho ya manjano. Ukoma, ambao haujatokomea nchini, unaweza kujitokeza kwa mabaka ya ngozi yanayovimba na kuwa mekundu, au kwa ganzi ya mikono na miguu. Kwa watoto wachanga walioanzishiwa dawa, kovu la chanjo ya BCG begani au tezi za kwapa zaweza kuvimba na kutoa usaha. Mama akiona hivyo asikamue wala asipake kitu. Ampeleke mtoto kliniki.

Nani yumo hatarini, na lini

Si kila anayeanza dawa hupatwa na hali hii. Mwaka 2010 wanasayansi walikusanya matokeo ya tafiti 54 zenye jumla ya watu 13,103 walioanza dawa. Kati yao 1,699 walipata mcharuko, yaani takriban mtu mmoja katika kila wanane. Wengi walipona. Hatari ya kufa ilitofautiana sana kwa kutegemea ugonjwa uliohusika: kwa waliopata mcharuko wa kifua kikuu walikufa takriban watatu katika kila mia, lakini kwa waliopata mcharuko wa fangasi wa ubongo walikufa takriban mmoja katika kila watano.

Anayehitaji uangalizi wa karibu ni yule aliyeanza dawa akiwa na CD4 chini ya 100, na zaidi chini ya 50. Vilevile yule ambaye wingi wa virusi ulikuwa mkubwa sana, na yule aliyeanza dawa akiwa tayari na ugonjwa nyemelezi ulioenea mwilini. Kipindi cha hatari ni hasa wiki za mwanzo hadi miezi mitatu. Wachache huchelewa hadi miezi sita au zaidi.

Katika takwimu hizi limo fundisho kwa kata nzima. Mtu anayepima mapema na kuanza dawa akiwa bado na kinga nzuri, ni nadra kukutana na mcharuko huu. Anayengoja hadi alale kitandani ndiye anayeanza safari kwenye kona mbaya ya barabara. Hofu ya dawa humfanya mtu achelewe, kuchelewa humletea mcharuko, na mcharuko huwapa majirani sababu mpya ya kuziogopa dawa. Mduara huo unakatwa kwa kupima mapema.

Kwa nini daktari humwambia mwingine asubiri

Wakazi kadhaa huuliza kwa nini mgonjwa mmoja hupewa dawa siku ileile aliyopimwa, na mwingine huambiwa arudi baada ya wiki kadhaa. Wengine hushuku kwamba dawa zimekwisha au wamepuuzwa. Sababu yenyewe inatokana na elimu iliyopatikana kwa gharama kubwa.

Huko Kambodia walishirikishwa wagonjwa 661 wa kifua kikuu waliokuwa na kinga ya chini sana. Nusu yao walianza dawa za VVU wiki mbili baada ya kuanza dawa za kifua kikuu. Nusu wakasubiri wiki nane. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba walioanza mapema walipata mcharuko mara nyingi zaidi, lakini waliokufa walikuwa wachache zaidi: asilimia 18 dhidi ya 27. Yaani kwa kifua kikuu cha kawaida, kuvumilia hatari ya mcharuko ni bora kuliko kuuacha mwili bila kinga.

Kwa fangasi wa ubongo hesabu iligeuka. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wagonjwa 177, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba walioanza dawa za VVU ndani ya wiki moja hadi mbili walikufa asilimia 45 katika miezi sita, ilhali waliosubiri takriban wiki tano walikufa asilimia 30. Ubongo umo ndani ya fuvu lisilopanuka, na uvimbe wake hauna pa kwenda.

Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba mwenye kifua kikuu aanze dawa za VVU ndani ya wiki mbili tangu aanze dawa za kifua kikuu, isipokuwa kifua kikuu kikiwa kimefika kwenye utando wa ubongo, ambapo husubiriwa wiki nne hadi nane. Mwenye kriptokoka husubiri wiki nne hadi sita huku akitibiwa fangasi kwanza. Ukiambiwa usubiri, uliza sababu na tarehe ya kurudi, kisha uitimize tarehe hiyo. Kusubiri huko ni sehemu ya tiba.

Kwa sababu hiyohiyo, usimfiche mhudumu kikohozi, jasho la usiku, kukonda wala maumivu ya kichwa kwa kuogopa kwamba utacheleweshewa dawa. Anayeficha kikohozi siku ya kwanza huweza kulipa deni hilo wiki ya tatu. Mweleze pia dawa zote unazotumia. Mgonjwa anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, kwa mfano, huhitaji kidonge cha ziada cha dolutegravir, maana rifampisini huipunguza nguvu dawa hiyo mwilini.

Si kila homa ni mcharuko

Hapa pana hatari ya kosa la upande wa pili. Msomaji anaweza kujifariji akisema, "Ni kinga inarudi tu," akakaa nyumbani. Asifanye hivyo. Homa baada ya kuanza dawa inaweza kuwa malaria. Inaweza kuwa ugonjwa mpya usiotibiwa, au kifua kikuu sugu kisichosikia dawa anazopewa. Inaweza kuwa dawa hazimezwi ipasavyo. Yapo pia maudhi ya dawa zenyewe: kichefuchefu, kukosa usingizi, ndoto nyingi au kuumwa kichwa kidogo, ambayo mara nyingi hupungua ndani ya wiki za mwanzo. Na upo mzio, wenye vipele mwilini kote, vidonda mdomoni au uvimbe wa uso, unaohitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema, "Huu ni mcharuko." Mtaalamu hufikia uamuzi kwa kuyatenga mengine kwanza: hupima malaria na makohozi, huangalia kifua kwa eksirei, huchunguza damu kutafuta kriptokoka, huhesabu vidonge vilivyobaki, hulinganisha tarehe. Ndiyo maana kadi ya kliniki na makopo ya dawa viende pamoja na mgonjwa. Tarehe ya kuanza dawa ni ushahidi muhimu kuliko maelezo marefu.

Tiba

Nguzo ya kwanza ni kuendelea na dawa za kufubaza virusi. Kuzisimamisha ni uamuzi wa daktari peke yake, na huchukuliwa kwa nadra, pale tu maisha yanapokuwa hatarini. Anayeacha mwenyewe huwapa virusi nafasi ya kuzaliana upya ndani ya wiki chache. Chembe za CD4 huanza kushuka tena, virusi hupata mwanya wa kuzoea dawa, na siku atakayoanza upya mapigano yaweza kuanza upya pia.

Nguzo ya pili ni kuutibu ugonjwa uliojificha: dawa za kifua kikuu kwa kifua kikuu, za fangasi kwa fangasi. Nguzo ya tatu ni kuutuliza mcharuko wenyewe. Kwa hali nyepesi hutosha dawa za kutuliza maumivu na homa. Tezi iliyojaa usaha huweza kunyonywa kwa sindano na mtaalamu. Kwa hali nzito daktari huweza kutoa prednisoloni kwa kipimo na muda maalumu. Utafiti wa Cape Town kwa wagonjwa 240 wa kifua kikuu wenye hatari kubwa, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba dawa ya jamii hiyo ikitolewa kwa wiki nne za mwanzo hupunguza mcharuko kutoka asilimia 47 hadi 33 hivi.

Lakini dawa hiyo ni panga lenye makali pande zote. Hushusha kinga, huweza kuichochea saratani ya Kaposi na kuficha maambukizi mengine. Asiinunue mtu dukani kwa kushauriwa na rafiki aliyepona kwayo.

Mfano wa kufundishia

Tuchukue mfano wa mama wa makamo, mchuuzi wa samaki. Ana wiki tano za dawa za kifua kikuu na wiki tatu za dawa za kufubaza virusi. Mhudumu wa afya ya jamii anabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini hizo dawa zenu zimenishinda."

"Pole sana, mama. Mara ya mwisho umemeza lini?"

"Juzi. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, nikarudi hata sokoni. Sasa tazama shingo hii. Kama ni dawa, mbona naoza?"

Mhudumu hamkemei. Anamuuliza kama kichwa kinamuuma sana, kama anatapika, kama anapumua vizuri. Kisha anamweleza habari ya walinzi na wezi, na siku hiyohiyo wanaongozana hadi kliniki na kadi na makopo yote. Baada ya vipimo mganga anaona kwamba kifua kikuu kinasikia dawa. Anamrudishia dawa zake zote, anampa za kutuliza uvimbe, na kumpangia arudi baada ya siku chache badala ya mwezi. Uvimbe unachukua wiki kadhaa kupungua. Mama anarudi sokoni.

Kilichoamua mwisho wa kisa hiki ni ile hodi mlangoni. Na hodi hiyo imepimwa kisayansi. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na wenzao waliwafuatilia wagonjwa 1,999 wa Dar es Salaam na Lusaka walioanza dawa wakiwa na CD4 chini ya 200. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya kliniki. Jingine lilipimwa damu kutafuta kriptokoka, na katika wiki nne za mwanzo lilitembelewa nyumbani na wahudumu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika kundi la kwanza walikufa asilimia 18, na katika la pili asilimia 13. Wahudumu wale hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliojua dalili za kuuliza na mahali pa kumpeleka mgonjwa.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa aliyeanza dawa ndani ya miezi sita apelekwe hospitali mara moja, hata usiku, akionekana na mojawapo ya haya:

- Maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, shingo kukakamaa au kutapika mfululizo.
- Kuchanganyikiwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au usingizi usio wa kawaida.
- Kupumua kwa shida, kukohoa damu au uvimbe wa shingo unaobana koo.
- Kuona ukungu au kupoteza uoni.
- Macho kuwa ya manjano, au vipele vyenye vidonda mdomoni na machoni.
- Homa kali isiyoshuka, au kushindwa kusimama bila kushikwa.

Kwa mambo mengine yasiyo ya dharura, kama vile tezi kuvimba au homa ndogo ya siku mbili tatu, aende kliniki yake bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Tarehe ya kadi ni ya mtu mzima wa afya. Mgonjwa haihitaji ruhusa kurudi kabla. Kliniki yake ikiona hali imezidi uwezo, itampa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo.

Kwa wasafiri na wenye shughuli za msimu

Maisha yetu ni ya kuhama. Msimu wa korosho huwapeleka watu mashambani kwa wiki nyingi, wavuvi hufuata samaki kwenye ago, na wengine huvuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo kutembelea ndugu upande wa Msumbiji. Aliye katika miezi mitatu ya mwanzo ya dawa, ikiwezekana, aahirishe safari ndefu. Isipowezekana, aiarifu kliniki ili apewe dawa za kutosha na barua ya utambulisho, abebe kadi, na ajue kabla ya kuondoka kituo kilicho karibu na aendako. Mcharuko ukimkuta shambani bila kadi, atatibiwa kama mtu asiye na historia.

Wajibu wa jirani

Familia nyingi huuliza zifanyeje bila kumdhalilisha mgonjwa. Jibu ni kutunza siri na kutunza saa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya mgonjwa, na anayeyatangaza majibu ya mwenzake anavunja sheria pamoja na utu. Mkumbushe saa ya kumeza, mpikie, msindikize kliniki. Ukimwona amedhoofika baada ya kuanza dawa, usiseme "acha". Sema "twende".

Maswali ya kujipima

1. Mtu ameanza dawa wiki tatu zilizopita, sasa ana homa na tezi. Je, dawa ndizo zilizompa ugonjwa? Jibu: Huenda kinga yake inayorejea imefichua ugonjwa uliokuwamo. Aende kliniki ikathibitishwe, naye asiache dawa.

2. Kwa nini aliyeanza dawa akiwa na afya njema hupatwa na hali hii kwa nadra? Jibu: Kwa sababu kinga yake haikushuka kiasi cha kuyaacha magonjwa yajifiche.

3. Mgonjwa ana maumivu makali ya kichwa na anatapika. Je, asubiri kliniki ya Jumatatu? Jibu: Asisubiri. Apelekwe hospitali sasa hivi.

4. Kwa nini mwenye fangasi wa ubongo huambiwa asubiri wiki kadhaa kabla ya dawa za VVU? Jibu: Kwa sababu mcharuko ndani ya fuvu huua, hivyo fangasi hupunguzwa kwanza.

Msomaji aliyeyajibu haya bila kurudi nyuma amehitimu somo. Na amwambie mwingine mmoja, kwa maana yule aliyesukuma kopo lake uvunguni hasomi jarida hili. Anamsikiliza jirani yake.